Bwawa la Kijiji Lina Shida Gani? Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Matatizo mengi ya bwawa huanzia nchi kavu: kwenye shamba lililo juu ya mfereji, kwenye njia ya ng'ombe, kwenye tuta ambalo hakuna aliyelikagua tangu mvua zilizopita. Kwa hiyo kabla ya kumwaga dawa, chokaa au kitu kingine chochote majini, lizungukeni bwawa kwa miguu, pandeni hadi maji yanakotoka, kisha pimeni. Dawa ya kubahatisha huua samaki na kuacha chanzo palepale.

Vifaa vya kupimia ni vichache. Fito iliyopigwa alama kila sentimita 5, isimikwe majini mahali pasipofikiwa na mifugo. Sahani nyeupe ya kipenyo cha sentimita 20, ifungwe kamba na kutundikwa jiwe kwa chini. Chupa angavu mbili tatu, ndoo za lita 20, na daftari. Fito isomwe mara moja kwa wiki na tarehe iandikwe. Bila daftari, kila mzee atakuwa na yake kuhusu maji yalifika wapi mwaka jana, na hakuna wa kumpinga.

Asiingie mtu majini peke yake, hata kwa kazi ya dakika mbili. Tope la chini hunasa mguu, na aliyenaswa kuogelea hakumsaidii.

## Maji yanapungua haraka

Msishike sepeto kabla ya kujua kama bwawa linavuja kweli. Mara nyingi halivuji.

Chanzo cha kwanza ni jua na matumizi. Kiangazi cha joto na upepo huweza kuondoa milimita 5 hadi 8 kwa siku kwa mvuke peke yake, yaani sentimita 15 hadi 24 kwa mwezi. Hapo ongezeni mifugo. Ng'ombe mkubwa siku ya joto hunywa lita 30 hadi 50. Ng'ombe 100 wakinywa lita 40 kila mmoja ni lita 4,000, na kwenye bwawa lenye eneo la mita za mraba 1,000 hizo ni milimita 4 kila siku.

Kipimo cha kutenganisha mvuke na uvujaji ni ndoo. Ijazeni maji ya bwawa, iwekeni jiwe ndani isielee, isimamisheni kwenye maji ya kina kifupi hadi maji ya ndani na ya nje yalingane. Pigeni alama ndani na nje. Subirini saa 24 bila mvua, bila mifugo, bila kuchota. Maji ya nje yakishuka kuliko ya ndani, tofauti ile ndiyo inayovuja. Milimita 10 za tofauti kwenye bwawa la mita za mraba 1,000 ni lita 10,000 kwa siku.

Ikithibitika kuna uvujaji, tafuteni kwa utaratibu huu:

1. Bomba la kutolea maji na valvu yake. Jiwe dogo au kijiti kilichokwama kwenye valvu hutosha kuizuia isifunge. Angalieni pia kama maji yanapita kando ya bomba, nje yake. Hilo ni jambo jingine kabisa, na limeelezwa kwenye sehemu ya tuta.
2. Matundu ya kaa, panya na mchwa kwenye kingo, hasa usawa wa maji ya kawaida.
3. Nyufa za ukingo uliokauka muda mrefu kisha ukafunikwa na maji ghafla.
4. Sakafu iliyotobolewa wakati wa kufukua tope. Hili ndilo gumu kuliko yote, na karibu kila mara limefanywa na watu wenyewe.

Daftari la fito husaidia hapa. Maji yakishuka kwa kasi kisha yakasimama kwenye alama fulani, tundu liko usawa huo au juu yake kidogo. Yakiendelea kushuka kwa mwendo uleule hadi chini kabisa, shaka iangukie sakafu.

Tundu la ukingo lichimbuliwe hadi mwisho wake. Kuziba mdomo tu ni kazi bure. Jazeni udongo mfinyanzi wenye unyevu kwa tabaka za sentimita 15, mkishindilia kila tabaka mpaka kisigino kisiache alama. Unyevu sahihi ni ule unaoruhusu udongo uviringishwe kuwa kijiti chembamba kama penseli bila kukatika. Ukikatika ni mkavu, ukinata mikononi umelowa mno. Sakafu iliyotobolewa huhitaji udongo huohuo, unene usiopungua sentimita 30 baada ya kushindiliwa, na bwawa likiwa kavu. Kumwaga udongo juu ya maji mkitumaini utajipeleka kwenye tundu ni kupoteza nguvu za watu.

## Tuta linavuja, lina ufa au limelowa kwa chini

Kwenye sehemu hii msifanye majaribio. Dakika za kuangalia zina maana kuliko siku za kuchimba.

Pitieni upande wa nje, chini ya tuta, wakati wa kiangazi. Ukanda wa majani mabichi mahali ambapo pengine pote pamekauka unaonyesha maji yanapenya. Mkipata mahali panapotoka maji, kingeni kwenye chupa angavu. Maji maangavu yanayotoka kidogo na kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki yanaweza kuangaliwa huku mkimtafuta mtaalamu: wekeni bomba fupi liyakusanye, pimeni yanajaza chupa kwa muda gani, andikeni.

Simameni na mwite mhandisi wa maji siku hiyohiyo mkiona lolote kati ya haya: maji yanayotoka yamebeba udongo; kiasi kinaongezeka wakati bwawa halijaongezeka; maji yanatoka kando ya bomba; ufa unakatiza tuta kutoka upande wa maji hadi upande wa nje; sehemu ya tuta imetitia au kuteleza. Maji yenye tope yanamaanisha tuta linaliwa kwa ndani, na linaweza kukatika ndani ya saa chache. Waondoeni watu na mifugo walio upande wa chini kwanza, simu baadaye.

Kosa linalorudiwa ni kuziba kwa udongo mahali maji yanapotokea upande wa nje. Maji yakizuiwa pale hupandisha shinikizo ndani ya tuta na kutokea kwingine, mara nyingi kwa nguvu zaidi. Kosa la pili ni kufungua kila kitu ili bwawa liishe upesi. Maji yakishuka ghafla, ukingo wa ndani uliolowa hukosa cha kuuegemea na kuporomoka. Kasi ya kupunguza maji aiseme mhandisi.

Ufa mwembamba unaofuata urefu wa tuta kileleni huweza kuwa wa kukauka tu. Pigeni vigingi viwili, kimoja kila upande, mpime umbali kati yao kila wiki. Usipopanuka, jazeni udongo laini na kushindilia kabla ya mvua.

Miti isiachwe iote kwenye tuta. Ikiwa bado michanga, ya unene wa kifundo cha mkono au chini ya hapo, ing'oeni na mizizi na mjaze shimo. Mti mkubwa msiukate hivihivi, kwa sababu mizizi yake itaoza na kuacha njia za maji ndani ya tuta. Huo ni uamuzi wa mtaalamu. Majani mafupi yenye mizizi iliyoshikana ndiyo yanayofaa kwenye tuta.

Na njia ya maji ya ziada, ile wengine huiita utoro: iwe wazi muda wote. Hukutwa imezibwa na matawi, au na uzio wa nyavu uliowekwa ili samaki wasitoke, au imeinuliwa kwa viroba vya mchanga ili bwawa lishike maji zaidi. Viroba hivyo ni hatari kuliko vinavyoonekana. Kimo kilichoachwa kati ya njia hiyo na kilele cha tuta ndicho kinachookoa bwawa siku ya mvua kubwa, na tuta la udongo likipitiwa na maji kwa juu halidumu.

## Samaki wanahema juu ya maji, au wameelea

Swali la kwanza ni saa ngapi.

Wakihema alfajiri na kutulia jua likipanda, oksijeni ndiyo iliyopungua. Mimea ya majini na mwani hutengeneza oksijeni mchana na kuitumia usiku, kwa hiyo kiwango huwa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Maji ya moto nayo hubeba oksijeni kidogo: takribani miligramu 9 kwa lita yakiwa nyuzi 20 za Selsiasi, na 7.5 yakiwa nyuzi 30. Samaki wengi huanza kuteseka kiwango kikishuka chini ya 3. Mambo yanayosukuma hali hiyo, kwa kadiri yanavyotokea: mwani mwingi baada ya siku za mawingu, majani na samadi zinazooza, mvua kubwa ya baridi inayogeuza maji na kuyapandisha yale ya chini yasiyo na oksijeni, dawa ya kuua magugu iliyopigwa bwawa zima kwa siku moja.

Hatua za haraka: acheni kuwalisha samaki, msimwage samadi wala mbolea, wekeni pampu ivute maji karibu na uso na kuyarusha hewani yarudi kama manyunyu. Bomba la kuvutia lisifike chini, maana maji ya chini na tope lake huongeza tatizo. Vijana wasiingie kuyakoroga maji kwa nia ya kusaidia. Tope lililotibuliwa hula oksijeni iliyobaki.

Wakifa saa yoyote, wakubwa kwa wadogo, pamoja na vyura na wadudu wa majini, fikirini sumu. Kambare ni shahidi mzuri: kwa kuwa huweza kuvuta hewa ya juu, mara nyingi hupona oksijeni inapokwisha huku perege wakifa. Kambare wakifa pamoja na wengine, shaka ya sumu inakua. Chanzo cha kawaida ni bomba la kupulizia dawa lililosafishwa bwawani, au dawa ya shambani iliyosombwa na mvua.

Hapo simameni. Fungeni bwawa kwa watu na mifugo, msiwale wala kuwauza samaki hao, na mwaite maofisa wa maji, uvuvi na mifugo. Kabla hawajafika, jazeni maji kwenye chupa safi ya kioo hadi mdomoni, ifunikeni na kuiweka penye giza na baridi. Chukueni pia samaki anayekufa sasa hivi, awekwe kwenye barafu. Aliyeoza hamsaidii mpimaji.

## Maji ya kijani

Zamisheni sahani nyeupe taratibu. Ikipotea machoni kabla ya sentimita 30 na maji ni ya kijani, bwawa limeshiba mbolea. Inatoka wapi? Anzeni na mifugo inayosimama majini, kisha lundo la samadi lililo juu ya mteremko, mashamba yanayolimwa hadi ukingoni, sabuni za kufulia, vyoo, na mwisho chakula cha samaki kinachobaki.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni ni mwani gani. Ingizeni kijiti. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia, ni mwani wa nyuzi, nao huvutwa kwa reki. Kikitoka kimepakwa kama kilichochovywa kwenye rangi, huenda ni sianobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani. Thibitisheni kwa chupa: ijazeni robo tatu, iacheni penye baridi usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi utando wa kijani ukiwa umekusanyika juu, chukulieni kuwa ni sianobakteria. Ukiwa umetuama chini, hatari ni ndogo. Kipimo hiki ni cha tahadhari, cha uhakika ni cha maabara.

Sianobakteria huweza kutoa sumu inayoua ng'ombe na mbwa ndani ya saa chache, na kuchemsha maji hakuiondoi. Upepo husukuma utando kwenye ukingo mmoja, na pengine ukingo huo ndio mifugo inakonywea. Zuieni kunywa, kuoga na kuvua, mwite ofisa wa afya na daktari wa mifugo. Watoto wasioge hata upande unaoonekana safi.

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, ndio dawa ambayo mtu atakuja nayo kwanza. Mkataeni. Huua mwani kwa mkupuo, na sianobakteria zikipasuka humwaga sumu yote kwa wakati mmoja, mabaki yanaoza na kula oksijeni, shaba inabaki kwenye tope. Tiba yenyewe ni ya polepole: ukanda wa majani usiolimwa wa mita 10 kuzunguka bwawa, samadi ihamishwe, na mifugo inyweshwe kwenye birika lililo nje ya uzio, upande wa chini. Matokeo huonekana kwa misimu, kwa sababu tope lililopo lina akiba yake ya mbolea.

## Maji ya tope yasiyotulia

Chupa tena. Jazeni, acheni. Yakitakata kufikia kesho yake, kuna kitu kinachoyakoroga kila siku: kwato za mifugo, kambare wanaochimbua, au mmomonyoko wa ukingo. Ondoeni hicho na hamna haja ya dawa.

Yakikaa wiki nzima bila kutakata, ni chembe laini za mfinyanzi. Hapo jasi, yaani jipsamu, hufaa. Chukueni ndoo tatu za lita 20, tieni gramu 2, 4 na 6, korogeni, subirini hadi kesho. Ndoo ya kipimo kidogo iliyotakata ndiyo inayotoa jibu. Gramu 4 kwa lita 20 ni gramu 200 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo bwawa la mita za mraba 1,000 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 litataka kilo 300. Inyunyizwe sawasawa juu ya uso wote, na baada ya kuzuia udongo mpya usiingie, vinginevyo mvua moja itarudisha yote. Shabu nayo hutakasa, lakini huongeza uchachu wa maji na kipimo kikizidi samaki hufa. Mwachieni mtaalamu.

## Kina kinapungua

Fito mbili hutosha. Moja yenye kibao bapa mwishoni ishushwe hadi itue juu ya tope. Nyingine tupu isukumwe hadi igonge sakafu ngumu. Tofauti ni unene wa tope. Pimeni sehemu kumi hivi mchore ramani, maana tope halilali sawasawa. Hukusanyika zaidi maji yanapoingilia. Hapo ndipo pa kuchimba shimo la kunasa tope, kabla ya bwawa lenyewe, na lisafishwe likifika nusu. Kulizoa shimo hilo kwa toroli kila msimu ni nafuu kuliko kufukua bwawa zima.

Mkifukua, chimbeni kwanza mashimo madogo ya majaribio ili mjue tope linaishia wapi na mfinyanzi unaanzia wapi. Mfinyanzi wa sakafu ni mgumu na umeshikana, tope ni laini, jeusi, lina majani. Simameni mkifika kwenye mfinyanzi. Mwenye mashine huwa na tabia ya kuongeza "kidogo tu", na sakafu hutobokea hapo. Tope lipelekwe mbali na mfereji unaoingiza maji, wala lisirundikwe juu ya tuta.

Harufu ya yai bovu hutoka kwenye tope jeusi lisilo na oksijeni. Kidogo si ajabu. Macho yakiwasha au kichwa kikiuma wakati wa kuchimba, tokeni wote na msirudi hadi hewa ibadilike. Ikiwa harufu ni ya kinyesi na ni ya kila siku, fuateni mifereji hadi mkute choo au bomba, na mjulisheni ofisa wa afya.

## Magugu yamefunika maji

Yanayoelea yavutwe kwa kamba ndefu yenye vibuyu au chupa tupu, watu wawili kila upande, kuelekea ukingo ambao upepo unayasukuma. Gugu maji lenye maua ya zambarau huweza kujizidisha mara mbili kwa wiki mbili hivi, na mbegu zake hukaa hai kwenye tope kwa miaka, kwa hiyo zoezi la siku moja kwa mwaka halilimalizi. Mara moja kila wiki mbili, kwa watu wachache, hulidhibiti.

Msiondoe zaidi ya theluthi moja ya mimea yote kwa mara moja. Viumbe vinahitaji mahali pa kuhamia. Rundo liachwe ukingoni siku moja wadudu na samaki wadogo warudi majini, kisha lipelekwe mbali kabla mvua haijarudisha mbolea yake bwawani. Matete hufa vizuri yakikatwa chini ya usawa wa maji, lakini yaliyo kwenye mlango wa maji yabakizwe, yanachuja.

## Mbu na konokono

Mbu hawazaliani sana katikati ya bwawa. Angalieni nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, vidimbwi vya ukingoni na majani mazito. Fukieni na fyekeni kila wiki, kwa kuwa katika joto yai huweza kuwa mbu ndani ya siku 7 hadi 14. Mafuta machafu yasimwagwe, wala samaki wa kigeni wasiletwe kwa ajili ya mbu.

Konokono wa majini huweza kubeba kichocho. Maji yaliyochotwa bila konokono na kukaa saa 48 hupoteza vimelea hivyo, ingawa hayajawa salama kunywa. Mtu akikojoa damu ni zahanati, na ofisa wa afya ajue ni bwawa gani.

## Watu hawaji kazini, masharti hayashikwi

Hii nayo ni hitilafu, yenye vyanzo vyake. Kinachoongoza ni kazi isiyoeleweka: "tusafishe bwawa" haivuti mtu, lakini "Jumamosi saa moja hadi saa tatu, kufyeka tuta, watu 12, kila mmoja na panga" huvuta. Kinachofuata ni fedha zisizosomwa hadharani. Kisha masharti yaliyowekwa na wachache: wafugaji wakikatazwa ukingo kabla birika halijajengwa, uzio utakatwa usiku, na kosa halitakuwa lao peke yao. Wavuvi, wafugaji, wakulima wa bustani na wanaochota maji wote wawe na mtu kwenye kamati, na wanaochota wengi wao ni wanawake, kwa hiyo viti visiwe vya wanaume peke yao.

Adhabu ianze ndogo na ipande kwa kurudia kosa. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa utafiti wake kuhusu mali za pamoja, aliona mpangilio huo kwenye jumuiya zilizodumu: walinzi wanatoka miongoni mwa watumiaji, na anayekosa mara ya kwanza haangamizwi.

Mgogoro ukiwa ni wa umiliki wa ardhi au wa maji yanayogombaniwa na kijiji cha juu, kamati isijaribu kuuamua. Upelekeni kwa mamlaka ya maji au ya ardhi, pamoja na daftari la vipimo lenye tarehe.